Somo gani la hiari kwa mwanafunzi wa optometria (upimaji wa macho)?

Mwanafunzi, Likoni: Assalaam aleikum. Naingia mwaka wa mwisho na natakiwa kuchagua somo moja kati ya uoni hafifu, lenzi za kuvaa jichoni na macho ya watoto. Nitafanya kazi hapa Mombasa, mnanishauri nini?

Mpimaji, Tudor: Waaleikum salaam. Chagua watoto, kwani jicho lenye kengeza lisipotibiwa mapema, ubongo huzoea kulipuuza. Mtoto wa miaka 3 hasomi herufi; utamwonyesha picha, tena upesi kabla hajachoka.

Mstaafu, Kisauni: Mwanangu, chukua uoni hafifu. Mzee aliyeharibiwa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) na kisukari, miwani ya kawaida haimtoshi. Mpe kioo cha kukuzia chenye taa, asome mwenyewe maandishi ya chupa ya dawa.

Mwanafunzi, Likoni: Shukrani. Lenzi nimeziacha.