Mrejesho: majibu ya ultrasaundi ya shingo yametoka

Wapendwa, wiki tatu zilizopita niliwauliza kuhusu uvimbe ambao dada yangu aliuona shingoni mwangu akinisuka: nilimeza chai, ukapanda na kushuka. Asanteni mlionisihi nikapigwe picha.

Kungoja ndiko kulikonimaliza. Ripoti nilipewa Ijumaa ndani ya bahasha, daktari hayupo hadi Jumatatu. Nikaifungua kwenye matatu ya kurudi Kayole. Kinundu, milimita 17, TR3. Mikono ilitetemeka. Tafadhali, msiisome peke yenu kama mimi.

Jumatatu daktari alichukua kalamu akanichorea tezi ya thairoidi, mfano wa kipepeo aliyekumbatia koo, akatia doa kwenye bawa la kulia. TR3 ni daraja la tatu kati ya matano ya kupima shaka ya saratani, na shaka yake ni ndogo. Kinundu cha namna hiyo huchomwa sindano ya kutoa chembe za kupimwa kikifika milimita 25. Changu bado, kwa hiyo narudia picha baada ya mwaka. Kipimo cha damu, TSH, kiko sawa. Lakini hicho kinaonyesha tezi inafanya kazi vizuri, hakisemi kinundu ni cha aina gani. Hapo nilikuwa nimechanganya kabisa.

Sauti ikikwaruza, kumeza kukiwa kugumu au kinundu kikikua haraka, nisingoje mwaka uishe.

Na aliyeuliza kama ultrasaundi inauma: hapana, dada. Ni jeli baridi tu, na shingo imelazwa nyuma juu ya mto.