Tupeane uzoefu: hizi orodha za ubora wa magari mapya unaziamini kwa kiasi gani?

Mteremko_Kitonga (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila ubishi wa magari ukipamba moto humu, lazima atokee mtu na picha ya orodha: "Hii hapa, kampuni fulani namba moja kwa ubora." Basi, mjadala umekwisha. Ukimuuliza namba moja kwa lipi, aliulizwa nani, gari lilikuwa na umri gani, kimya. Na pembeni kuna mtu anasoma hayo huku akijiandaa kutoa akiba ya miaka yake yote. Huyo ndiye ninayemuonea huruma.

Tazameni mwaka 2024 peke yake, soko la Marekani. Orodha ya J.D. Power, kampuni ya utafiti wa maoni ya wateja, ya ubora wa mwanzo iliongozwa na Ram. Orodha nyingine ya hao hao J.D. Power, ya uimara, iliongozwa na Lexus. Ilipofika Desemba Consumer Reports, shirika la kutetea walaji, wakatoa yao, kinara akawa Subaru. Orodha tatu, vinara watatu, na hakuna aliyedanganya. Ya kwanza inamuuliza mnunuzi matatizo ya siku 90 za mwanzo. Ya pili inamuuliza mwenye gari la miaka mitatu kuhusu miezi 12 iliyopita. Ya tatu inakusanya taarifa za wanachama wao juu ya magari wanayoyaendesha, safari ile yalikuwa kama 300,000, kisha inakadiria gari jipya litakuwaje.

Na zile namba zenyewe zisomeni polepole. Ram ilipata matatizo 149 kwa kila magari 100. Wastani wa soko zima ulikuwa 194. Maana yake gari la kinara lina tatizo moja na nusu, gari la kawaida halijafika mawili. Tofauti haijafika hata nusu tatizo kwa gari, ila ukiipanga kwenye orodha inaonekana kama mbingu na ardhi.

Naomba aliyewahi kununua gari jipya kwa kufuata orodha, au kwa kuipuuza, aseme lilivyomtendea. Fundi, dereva, msimamizi wa magari ya ofisi, nyote karibuni. Kama gari lilikusumbua si lazima utaje jina la kampuni, eleza tu kilichoharibika na lilikuwa limetembea kiasi gani.

Nesi_Columbus

Asante kaka kwa mada. Mimi niko Ohio na dodoso la aina hiyo nimelijaza kwa mkono wangu. Lilikuja kwa posta muda mfupi baada ya kuchukua gari jipya, bahasha nene, ndani wameweka noti mpya ya dola moja ya kukushawishi ujibu. Maswali ni mengi mno. Mlango unalia? Upepo unasikika ukikimbia? Kishikio cha kikombe kimekaa vibaya? Simu inaungana na redio?

Mimi niliweka alama kwenye simu, kwa sababu ilikuwa inakatika katikati ya maongezi. Nikaweka kwenye amri za sauti, maana gari halikuwa linaelewa Kiingereza changu hata nikitamka taratibu. Na nikaweka kwenye feni ya kiyoyozi, ilikuwa inavuma. Hayo kwenye hesabu yao ni matatizo matatu. Gari hilo hilo leo limevuka maili laki moja, injini haijafunguliwa, giaboksi haijaguswa. Jirani yangu alichukua la kampuni iliyokuwa juu sana mwaka ule. Siku 90 za kwanza lake lilikuwa safi kabisa. Giaboksi ilikufa dhamana ilipoisha, na bei aliyotajiwa ya kubadilisha ilimfanya aliuze vile vile lilivyo.

Kwenye dodoso lile, simu kukatika na giaboksi kufa ni alama moja moja. Hapo ndipo penye shida yote.

Lakini sitaki kuwaonea wenye orodha. Mwaka 2011 Ford waliporomoka kwenye orodha ya ubora wa mwanzo kutoka nafasi ya 5 hadi ya 23. Watu wengi walilaumu ile skrini ya MyFord Touch, na kweli ilichangia sana. Ila ndani ya malalamiko yale walikuwemo waliosema gia za Fiesta zinasitasita. Hao waliona mbali, maana giaboksi ile ya PowerShift ilikuja kuifikisha Ford mahakamani. Ukisoma nafasi peke yake hujui unaonywa kuhusu skrini au kuhusu gia. Ukishuka chini kwenye mchanganuo unaona.

Bwana_Corolla

Mnajichosha wakuu. Toyota ni Toyota. Nani anahitaji dodoso?

Mteremko_Kitonga

Mkuu nakuheshimu, na mimi mwenyewe naendesha Toyota. Lakini Consumer Reports nao walikuwa wanafikiri hivyo hivyo, kila Toyota mpya wakiipendekeza hata kabla haijapata taarifa za kutosha. Mwaka 2007 wakaacha, baada ya Camry ya V6 na Tundra ya V8 inayovuta magurudumu manne kushuka chini ya wastani. Kampuni ile ile, lakini modeli mbili zikawa na shida. Ndiyo maana nasema tuulizane modeli, mwaka na injini. Jina la kampuni peke yake halitoshi.

Na kuna magonjwa ambayo siku 90 haziwezi kuyaona kamwe. Hyundai Sonata za 2011 na 2012 zilipoitwa kurudi kwa wakala huko Marekani mwaka 2015, karibu magari 470,000, chanzo kilikuwa vipande vidogo vya chuma vilivyobaki kwenye njia za oili wakati kreki, ile shafti kuu ya injini, inachongwa kiwandani. Vinaziba oili isifike kwenye beringi za koneti (mikono ya pistoni), beringi zinalika kidogo kidogo, injini inaanza kugonga, mwisho inajifunga. Mwenye gari anayejibu dodoso miezi mitatu baada ya kununua angelijuaje hilo? Gari lake lilikuwa linanukia upya.

Fundi_Bremen

Salaam kutoka Ujerumani. Huku ziko aina mbili za takwimu ambazo mimi nazipa uzito kuliko maoni ya wanunuzi, kwa sababu kuna fundi au mkaguzi aliyeliona gari kwa macho yake.

Ya kwanza ni ya ADAC, chama cha wenye magari. Wao wanahesabu magari waliyokwenda kuyaokoa barabarani. Nzuri, lakini isome kwa akili: zaidi ya asilimia 40 ya miito yao ni betri ya kuwashia. Gari lililolala wiki tatu uani likagoma kuwaka linaingia kwenye hesabu sawa na lililovunjika mkanda wa taimingi. Na kampuni yenye huduma yake yenyewe ya uokoaji, magari yake mengi ADAC hawayaoni.

Ya pili ni ripoti ya TÜV, mashirika ya ukaguzi wa magari, inayotokana na ukaguzi wa lazima. Gari jipya linakaguliwa la kwanza likifikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili. Ripoti ya mwaka 2024 iliweka Tesla Model 3 mkiani kwa magari ya umri huo, asilimia 14.7 yalikutwa na kasoro kubwa. Watu wakashangilia mitandaoni kwamba magari ya umeme ni mabovu. Mimi niko chini ya magari haya kila siku, nawaeleza ninachokiona: gari la umeme linapunguza mwendo kwa mota, breki zenyewe hazifanyi kazi sana, diski zinashika kutu, hasa upande wa ndani ambako mwenye gari haoni. Pia Tesla haina ratiba kali ya servisi, kwa hiyo fundi wa kwanza kulitazama chini huwa ni mkaguzi mwenyewe. Gari la kampuni nyingine limeshapita kwa wakala, taa na bushi zimesharekebishwa kabla ya ukaguzi. Kasoro ni za kweli, sibishi. Ila unayepimwa hapo ni gari pamoja na matunzo yake.

Na kwa wanaoamini kila kitu chenye nembo ya Mjerumani: Januari 2014 ilibainika kura za tuzo ya ADAC ya gari pendwa zilichakachuliwa. VW Golf ilitangazwa kupata kura 34,299, za kweli zilikuwa 3,409. Msemaji mkuu wao akajiuzulu, mwezi uliofuata rais wa chama naye akaondoka. Hiyo ilikuwa tuzo ya kura, si takwimu za uokoaji, lakini tangu siku ile ninaposikia neno "tuzo" nauliza kwanza nani kahesabu na nani analipa. Huko Marekani kampuni ya magari ikitaka kutumia tuzo ya J.D. Power kwenye matangazo inalipia leseni. Consumer Reports wao hununua magari ya majaribio kwa pesa zao na hawachukui matangazo ya kampuni za magari. Sisemi mmoja mwongo mwingine mkweli. Lijueni tu.

Grogan_Original

Wadau, mimi ni makanika hapa Nairobi. Hizo orodha wateja wananiletea kwa simu, na huwa nawauliza swali moja: gari lako lilitengenezewa nani? Sisi huku tunaletewa gari la Japani ambalo sheria inaruhusu likiwa halijapita miaka minane. Wamarekani waliojibu dodoso hawajawahi hata kuliona, modeli nyingi za kwetu kwao hazijauzwa. Na hata jina likifanana, la kwao laweza kuwa na injini kubwa na giaboksi ya kawaida, la Kijapani likawa na injini ndogo na CVT, yaani giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua.

CVT ndiyo inalisha garage yetu, nisiwadanganye. Lakini nusu ya kesi ni mtu aliyewekewa ATF, oili ya giaboksi za kawaida za otomatiki, mahali pa oili ya CVT. Hakuna orodha ya Marekani itakayokuonya juu ya fundi wa mtaani kwako.

Binti_Maskati

Kwetu Oman ni joto linaloamua. Betri nyingi hazimalizi hata miaka miwili, na kompresa ya AC inafanya kazi bila kupumzika kuanzia Mei. Gari lililotengenezwa kwa vipimo vya Ghuba na lile lililoagizwa kutoka Marekani yanasimama pamoja kwenye yadi, rangi moja, bei tofauti. Marehemu baba alikuwa akitazama karatasi za vipimo kabla hajatazama gari. Orodha ya ubora iliyofanyika kwenye nchi yenye theluji hainiambii kitu kuhusu AC.

Mama_Msafara

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Nasimamia magari ya mradi hapa Dodoma, yananunuliwa mapya. Madereva wangu wana daftari kwenye kila gari: tarehe, kilometa, kilichoharibika, spea imetoka wapi, gari limelala siku ngapi. Safu ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Tulikuwa na gari moja ambalo kwenye orodha za nje lilikuwa linasifiwa sana, na kwa kweli halikuwa linaharibika ovyo. Sensa moja ya magurudumu ilipokufa, spea ilibidi iagizwe nje, gari likakaa gereji hadi vumbi likafunika kioo. Karibu yake kulikuwa na pikapu ambayo shokabu na bushi zake tunabadilisha kila mara kwa barabara zetu za Kondoa, lakini vifaa vyote vinapatikana Gerezani kule Dar, basi linaleta kesho yake asubuhi, jioni gari liko kazini.

Ukihesabu matatizo, pikapu imeshindwa vibaya. Ukihesabu siku za kulala, imeshinda. Mimi bajeti yangu naandika kwa siku za kulala.

Mteremko_Kitonga

Dada, safu hiyo ya mwisho hakuna dodoso nililoliona linaiuliza. Unaweza kutuwekea hapa jedwali la daftari lako, bila namba za magari, tulijaze kila mtu na lake? Modeli, mwaka, kilometa, kilichoharibika, siku za kulala.

Mama_Msafara

Naweza. Jumatatu nikifika ofisini naliweka. Ongezeni na safu ya oili mliyoweka, fundi wa Nairobi amenikumbusha.