Naombeni ushauri: watu wa kaboni wanataka nisikate mipaina yangu miaka 40, niwape au nivune?

Mzawa wa Mufindi
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja. Nina heka 22 za mipaina huku Mufindi, ina miaka 9, imenyooka safi. Miezi miwili nyuma walikuja jamaa wawili wanasema ni wa biashara ya kaboni, wakazunguka shambani na simu zao wakipima pima, wakasema nisikate miti miaka 40, kila mwaka nalipwa kwa hewa ukaa ambayo miti inavuta. Asilimia 30 yangu, 70 yao sababu wao ndo wanapima na kutafuta wazungu wa kununua. Upande wa pili wenye viwanda vya plaiwudi Mafinga wanabeba hata kesho. Usingizi sipati. Kipi kina hela? Matusi kaeni nayo.

Kisu Butu
Siti ya mbele, karanga ninazo.

Ngosha Mpole
Kata uza. Miaka 40 mkuu? Hela ukaile mbinguni?

Babu Tumbaku
Mimi nilikuwa na heka 12 Kilolo. Mwezi wa kumi jirani kachoma kashamba kake ka mahindi, upepo ukageuka, kufika jioni nina heka 12 za mkaa na barabara ya moto sikuwa nimeisafisha kwa kubana hela ya vibarua, mke wangu mpaka leo tukigombana kidogo tu anaanzia hapo. Sasa mleta mada, msitu ukiungua ile kaboni yote inarudi angani. Mkataba unasema anayedaiwa ni nani? Soma hapo kwanza.

Kimbembe
Ila hawa wazungu. Kule Iceland wana mitambo inanyonya hewa wanaizika kwenye mawe chini ardhini. Wengine wanataka kurusha salfa angani ipunguze makali ya jua, eti kwa vile volkano ya Pinatubo ililipuka 1991 na dunia ikapoa karibu nusu digrii. 2024 hapo Nairobi kwenye mkutano wa mazingira wa UN nchi zilishindwa kukubaliana hata kuunda jopo la kulichunguza jambo hilo. Wamechoma makaa miaka mia mbili, leo msumeno unaotakiwa kuzimwa ni wa Mufindi 😂

Pwani Tulivu
Msimcheke, ni biashara ya kweli. Huku kwetu Kenya, Gazi ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja unauza kaboni ya mikoko tangu 2013 na hela imeleta maji na vitabu vya shule. Lakini ni ya kijiji kizima, si ya mtu mmoja. Halafu sheria ya Kenya ya 2023 inataka jamii ipate angalau asilimia 40 kwenye miradi ya ardhi. Hiyo 30 yako ndugu yangu walikuona umesinzia.

Mti Mkavu
Nimefanya kazi za misitu, nieleze kidogo. Mti mkavu karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, hiyo kaboni zidisha mara 3.67 unapata hewa ukaa. Ila mnunuzi hanunui mti, ananunua ile tofauti, yaani hewa ambayo isingekuwa imefungwa bila hela yake. Halafu kupima na kuhakiki ni gharama kubwa, ndo maana mnasikia vijiji vinane vya wilaya ya Tanganyika kule Katavi vinaingiza mabilioni, wale wana msitu wa asili wa kutosha, wewe heka 22 ni hekta 9 tu. Na kanuni za 2022 zinataka mradi usajiliwe Ofisi ya Makamu wa Rais. Nenda SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, kuna kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni, uliza kama hao jamaa wanajulikana.
Maswali mawili: hati ya kimila ina jina la nani? Na umeshasaini chochote?

Mzawa wa Mufindi
Asante mkuu umenifungua. Hivi bei ya kaboni huwa inapanda?

Mti Mkavu
Sijauliza bei.

Shangazi Hachoki
Anaruka swali kama mbuzi anavyoruka dimbwi. Jibu mwanangu.

Mzawa wa Mufindi
Sawa. Nilisaini karatasi ya awali tu, na wakanipa advansi milioni tatu na nusu. Nilikuwa na mtoto wa kupeleka boding na bodaboda imekufa injini, mngekuwa nyie mngefanyaje? Hati ina jina la marehemu mzee, mirathi hatujafungua, ila msimamizi wa shamba siku zote ni mimi, wenzangu wako mbali huko. Na si kwamba nimeuza ardhi jamani, miti ipo palepale.

Ngosha Mpole
Kumbe hukuja kuomba ushauri, umekuja kuomba baraka.

Shangazi Hachoki
Mali ya marehemu haina msimamizi wa kujipachika. Wadogo zangu walianza hivihivi na shamba la kahawa, leo wanasalimiana msibani tu.

Kisu Butu
Mzee alifariki mwaka gani?

Mzawa wa Mufindi
2011. Kwa nini?

Kisu Butu
Miti ina miaka 9. Shamba la mzee, mzee kafa 2011, mipaina kapanda nani, mzimu? Wakuu hii chai, tena haina hata tangawizi. ID ina wiki tatu, huyu ndo dalali mwenyewe anapima upepo.

Kimbembe
😂😂 Na mimi nimeshamwaga elimu yangu ya Iceland bure.

Ngosha Mpole
Mods funga uzi.

Mzawa wa Mufindi
Acheni dharau, mimi si dalali. Mipaina ya mzee iliungua 2015 yote. Hii ya sasa tulipanda 2016, dada yangu ndo alituma hela ya miche na vibarua, mimi nikasimamia. Mwaka wa tatu alituma tena ya kuprunia matawi. Mwenye kubisha abishe.

Mti Mkavu
Kwa hiyo miti ni ya dada.

Mzawa wa Mufindi
Ni ya familia. Jasho ni langu.

Shangazi Hachoki
Dada yuko wapi na anajua nini?

Mzawa wa Mufindi
Yuko Muscat, kazi za ndani. Anarudi Desemba moja kwa moja. Yeye anajua tunavuna akifika, tofali za msingi wa nyumba yake keshalipia. Nilitaka kwanza nijue hii kaboni ina hela kiasi gani ndo nimwambie, akisikia hela kubwa asikasirike.

Babu Tumbaku
Duh.

Shangazi Hachoki
Mpigie leo. Muscat wametutangulia saa moja tu, hajalala.