Uji una unene uleule lakini wateja wanasema unakwaruza. Napimaje?

MamaUji_Kirumba
Wadau, habari za jioni. Nauza uji wa lishe hapa Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni Kirumba, huu ni mwaka wa nne. Saa kumi na moja alfajiri chupa zangu zimeshajaa, wachukuzi na akina mama wa dagaa wanakunywa kabla magari hayajaanza kupakia. Mchanganyiko wangu ni mahindi, ulezi, soya na karanga.

Nina matatizo mawili. Kuna kituo cha kulelea watoto kinachukua lita 20 kila siku, na mwalimu wao hakosi neno: leo mzito, kesho mwepesi kama maji ya kunawa. Mimi kipimo changu ni mwiko, nauinua naangalia unavyodondoka, na jicho langu linaniambia ni uleule.

La pili ndilo linaninyima usingizi. Tangu mwezi uliopita wateja wangu wa zamani wanasema, "Mama, uji wako siku hizi unakwaruza." Nikadhani ni uzito, nikaongeza maji. Ukawa mwepesi na bado unakwaruza! Kijana mmoja akaniambia kuna mashine ya kupima mnato, yaani jinsi kitu kinavyogoma kutiririka. Aliponitajia bei nilicheka, nikaendelea kumimina uji. Mtu wa jiko la mkaa anapimaje vitu hivi?

Jogoo_wa_Igoma
Ongeza sukari mama, ulimi utasahau.

MzeeTope
Mama Uji, achana na Jogoo. Mimi nimechanganya tope la kuchorongea, lile linalosukumwa shimoni wakati wa kutoboa mwamba ili lipandishe vipande juu, miaka kumi na moja migodini huko upande wa Geita, sasa nimepumzika Nyegezi. Tope lile na uji ni ndugu wa tumbo moja. Vyote vina chembe zilizovimba ndani ya maji. Vikitulia vinashikana, ukivikoroga vinalegea. Maji hayana tabia hiyo, ukoroge taratibu au kwa fujo mnato wake ni uleule. Kwa hiyo mwiko unakudanganya. Uji uliotoka kukorogwa na uji uliolala nusu saa kwenye chupa ni vitu viwili, hata kama sufuria ni moja. Na ukipoa unazidi kuwa mzito. Naapa mwalimu anaupima saa nne ukiwa vuguvugu, wewe uliupima alfajiri ukifuka moshi.

Kazini tulikuwa na faneli. Unaijaza lita 1.5 za tope, unaachia, unahesabu sekunde mpaka zitoke mililita 946. Maji safi hutumia sekunde 26. Sekunde za tope zikikaribia za maji, unajua vipande vya mwamba havitapanda juu. Lakini faneli inakupa namba moja tu. Ukitaka kujua zaidi kuna chombo chenye silinda inayozunguka ndani ya tope. Unasoma kwenye mizunguko 600 kwa dakika, halafu 300. Toa ya pili kwenye ya kwanza, hapo una mnato. Toa mnato huo kwenye ile ya 300, unapata nguvu inayotakiwa ili tope likubali kuanza kutembea. Hiyo nguvu ya kuanza ndiyo inafanya uji ubaki kilima kwenye kijiko.

Kwako wewe faneli itaziba. Chukua kipande cha bomba la plastiki, upana kama wa kopo dogo la nyanya, kisimamishe juu ya kioo bapa, jaza uji mpaka ukingoni, inua bomba wima, hesabu dakika moja, pima upana wa duara kwa rula. Viwanda vya sosi ya nyanya hufanya jambo linalofanana: sosi inafunguliwa kilango kwenye kijisanduku kirefu, wanasoma imekimbia sentimita ngapi kwa sekunde 30. Ila uwe na kipimajoto. Pima kwenye joto moja kila siku na ukoroge mara zilezile kabla ya kupima, vinginevyo unapima hali ya hewa.

Kuhusu kukwaruza, hilo si mnato. Ni msuguano. Ulimi na kaakaa vikikaribiana, uji unabanwa unabaki utando mwembamba, na hapo hauulizwi tena unatiririka vipi, unaulizwa unateleza vipi. Tope pia tulilipima hivyo: pete ya chuma inazungushwa huku imekandamizwa kwenye kipande cha chuma ndani ya tope, maji matupu yakisoma karibu 0.34. Mabomba ya kuchoronga yakikosa utelezi yanang'ang'ania shimoni, na hapo bosi hakuamkii.

MamaUji_Kirumba
Shikamoo mzee wangu. Kumbe uji una nguvu ya kuanza! Nitafanya la bomba kesho. Hiyo pete ya chuma sasa nitaitoa wapi?

MzeeTope
Marahaba mwanangu. Huhitaji pete. Kata kipande cha kandambili, kibandike chini ya betri ya tochi. Paka uji mwembamba sana kwenye kioo, weka kandambili juu, inua upande mmoja wa kioo polepole mpaka iteleze. Pima kimo cha upande ulioinuliwa, gawanya kwa umbali wa mlalo. Hiyo namba ndiyo msuguano wa kuanza. Uji ukiwa mnene juu ya kioo kandambili itaelea na utapata uongo, kwa hiyo upake kiduchu. Usiilinganishe na ya mtu mwingine, linganisha unga wako wa zamani na wa sasa.

MamaUji_Kirumba
Wadau, narudi baada ya siku tano. Mzee Mungu akuweke.

Uji wa alfajiri duara sm 13, ukipoa saa nne sm 9. Ule ule! Nimempelekea mwalimu kioo na bomba, tumekubaliana tupime pamoja ukiwa nyuzi 45. Kelele zimekwisha.

Kandambili sasa. Nilikuwa na unga kidogo wa mwezi ule wa nyuma: 0.3. Wa sasa: 0.5 na kitu. Nikasema ni mashine ya kusagia, maana nilihama mashine. Nikachekecha unga kwa kitambaa cha chandarua kilichokunjwa mara mbili, ikashuka 0.45. Nikakwama hapo. Wateja bado wananuna.

BibiUlezi
Nyie mnapima makandambili. Mama, ulezi wako unauanika wapi?

MamaUji_Kirumba
Shikamoo bibi. Juu ya jiwe nyuma ya nyumba, huku Kitangiri. Zamani nilikuwa na turubai, likachanika mwezi uliopita.

BibiUlezi
Marahaba. Sasa weka unga vijiko viwili kwenye glasi ya maji, koroga, hesabu mpaka kumi, mwaga ya juu. Rudia mara tatu. Kilichobaki chini kitie katikati ya meno.

MamaUji_Kirumba
Jamani. MCHANGA. Unalia kama unatafuna ganda la yai.

MzeeTope
Bibi nakupigia saluti. Na mimi niliyekaa miaka yote hiyo na kipimo cha mchanga mkononi, chenye kichujio chake na kijibomba cha glasi, sikukumbuka kuuliza! Mchanga ndio ulikuwa unakula pampu zetu.

BibiUlezi
Ulezi unaoshwa kwenye beseni, unautikisa kwa mzunguko, unamimina ulezi na maji, mchanga unabaki. Turubai nunua kesho, usingoje. Na uji wa watoto wakiulalamikia uzito usiongeze maji: ukipungua moto kidogo tia kijiko cha unga wa kimea cha ulezi, koroga, subiri. Unalegea wenyewe na unga unabaki wote ndani.

Jogoo_wa_Igoma
Mimi bado nasema sukari.

MamaUji_Kirumba
Jogoo njoo kesho unywe bure, ukae na rula. Mzee, hicho kimea nikitia duara litaenda sentimita ngapi?

MzeeTope
Pima.