Vita ya 1812 kati ya Marekani na Uingereza: Marekani ilipigania utaifa au mali?

MwanaMaktaba: Wakuu, mimi nasema ni utaifa. Manowari za Uingereza zilikuwa zinasimamisha meli za Marekani baharini na kubeba mabaharia kwa nguvu wakawatumikie wao. 1807 manowari yao Leopard iliipiga mizinga manowari ya Marekani, Chesapeake, karibu na pwani ya Virginia, watatu wakafa na wanne wakachukuliwa. Taifa changa linyamaze?

Kisiki: Sasa mbona wenye meli wenyewe, watu wa New England, majimbo ya pwani ya kaskazini-mashariki, ndo walioipinga hiyo vita? Waliochochea ni wanasiasa kina Henry Clay wa Kentucky, huko bahari yenyewe haipo. Walitaka Kanada na ardhi ya wenyeji. Bunge la chini kura 79 kwa 49, hapo taifa liko wapi?

MwanaMaktaba: Kwahiyo mpaka uwe na meli ndo uumie na nchi yako? Nyie wa kupima kila kitu kwa hela mnachosha.

Kisiki: Nyie kina nani? Mimi nimeleta hoja we unaleta mipasho. Mkataba wa Ghent wa Desemba 1814 uliomaliza vita, hao mabaharia unaowalilia hawakutajwa popote.

DadaWaTanga: Mnagombania mabaharia na Haiti mnaipita tu. Wale watumwa wamejikomboa 1804 kwa Wafaransa kwa damu yao, Marekani ambayo juzi tu ilikuwa koloni, mwaka 1806 ikapiga marufuku biashara nao. Eneo la Louisiana lenyewe Wamarekani walilolinunua 1803 kwa dola milioni 15, Napoleon wa Ufaransa aliliuza baada ya jeshi lake kumalizwa Haiti kwa vita na homa ya manjano. Wamefaidi halafu wakafunga mlango!

MwanaMaktaba: Dada unatutoa kwenye mada. Haiti lilikuwa suala la usalama.

DadaWaTanga: Usalama wa nani? Wa wenye watumwa, sema tu. Rais Monroe 1823 anaiambia Ulaya isije kutawala tena huku, Mexico na Colombia kashazitambua, Haiti hapana. Wakasubiri mpaka 1862, majimbo ya kusini yameshajitoa ndo Rais Lincoln akawatambua.

Njoro77: Sio kila kitu utumwa jamani. John Quincy Adams, waziri wa mambo ya nje wa Monroe, hakuwa na mtumwa hata mmoja na ndo aliyekataa Marekani itoe tamko hilo la 1823 pamoja na Uingereza, alisema hawawezi kuwa kama kimashua kinachofuata nyuma ya manowari ya Mwingereza. Huo ni utaifa mtupu, mpeni haki yake.

DadaWaTanga: Na huyohuyo alipokuwa rais mbona hakuitambua Haiti? Akili nzuri kabla ya madaraka.

Kisiki: Tena 1833 Marekani hiyohiyo ikasaini mkataba wa biashara na Seyyid Said wa Muscat na Zanzibar, 1837 konsuli wao kashafika Unguja. Huko watumwa walikuwa wanauzwa sokoni na hakuna aliyeogopa. Weusi waliojikomboa ndo waliowaogopa.

Mkunazini: We Kisiki hapo umegusa kwetu. Seyyid Said alikuwa mtawala mwenye dola yake na merikebu zake, wafanyabiashara Wamarekani wa mji wa Salem walimfuata wenyewe kwa sababu ya pembe na gundi ya sandarusi, hakuwapigia magoti. Usimtumie kupigia watu ngumi za Haiti.

Kisiki: Nani kasema alipiga magoti? Rudia kusoma.

Mkunazini: Nimesoma. Watumwa umemtajia yeye, Rais Jefferson wa Marekani aliyekuwa nao mamia umemwacha.

DadaWaTanga: Jefferson mleteni, huyo tumalizane naye leo.