Tupeane uzoefu: rangi uliyoichagua ndani ya nyumba, na ilivyokufaa au kukugeuka

Mwanzisha mada

Ndugu wanachama, naomba tukusanye hapa uzoefu wetu kuhusu rangi za ndani ya nyumba: nani alichagua rangi gani, kwa chumba kipi, alitarajia imwambie nini, nayo ikamwambia nini baada ya kukauka. Kwamba buluu hutuliza, nyekundu huchangamsha na njano huleta furaha, hayo tumeyasoma sote na sina haja ya kuyarudia. Ninachokitafuta ni yale yaliyomkuta mtu alipofunga kopo, akaosha brashi na kuanza kuishi humo.

Naanza na langu. Sebule yangu niliipaka kijivu. Nilikichagua kwenye kadi ya rangi, kipande kisichozidi ukubwa wa kiberiti, nikiwa nimesimama chini ya taa za dukani, na hapo kilikuwa kijivu cha kistaarabu, cha jivu lililopoa. Ukutani kikawa zambarau. Haikuwa zambarau ya kupiga kelele; ilikuwa ile inayomfanya kila anayeingia aulize kwa upole kama ulikusudia. Sebule ina dirisha moja kubwa ambalo halipati jua la moja kwa moja hata saa moja kwa siku. Mwanga unaoingia ni wa mbingu tupu, wenye ubuluu mwingi kuliko ule wa jua lenyewe, nami sikuwa nimefikiri kwamba ukuta hauna mwanga wake, bali huurudisha tu ule ulioupokea. Isitoshe, kuta nne zenye rangi moja hurushiana mwanga, na kila mrusho huikoleza rangi kidogo, ndiyo maana kilichokuwa hafifu kwenye kadi hukolea chumbani. Nimeishi na kosa hilo miezi tisa. Katikati nilitundika mapazia ya njano iliyokolea ili yalete joto, lakini hali imezidi kuharibika na sielewi kwa nini. Karibuni.

Fundi Brashi

Ndugu mwanzisha mada, nimepaka nyumba za watu kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika muda huo wote hakuna rangi iliyoniletea lawama kama kijivu. Kijivu kinachouzwa si nyeusi na nyeupe tupu. Hutiwa tone la buluu, la kijani, la zambarau au la kahawia, na tone hilo hulala kimya mpaka lipate mwanga wa kuliamsha. Ukitaka kulibaini kabla ya kununua, iweke kadi juu ya karatasi nyeupe kabisa, kisha ipange kando ya kadi nyingine tano za kijivu. Moja itajifichua kuwa ya kijani, nyingine ya zambarau, nawe utashangaa kwamba dakika moja iliyopita zote zilikuwa kijivu.

Ugomvi wangu mwingine na wateja ni wa lugha. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyobadilika kwa ngeli, yaani -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine nyingi tunaziita kwa majina ya vitu: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda, waridi kwa ua. Ni utajiri mzuri wa lugha na ni balaa kazini, kwa sababu mteja akitaja kijani mimi naona jani changa, kumbe yeye anaona jani lililokomaa kivulini. Mama mmoja aliniagiza damu ya mzee kwa ukumbi wake. Nikampelekea niliyoijua mimi, wekundu uliozama kwenye weusi, ilhali yeye alimaanisha ile inayoelekea kahawia, na alisubiri nimalize kuta tatu ndipo aseme.

Tangu siku hiyo sipokei jina. Napokea namba iliyoandikwa kwenye kadi, napaka ubao wa nusu mita kwa nusu mita, mara mbili, na kumwachia mteja autembeze chumbani siku nzima: asubuhi, adhuhuri, na usiku taa zikiwa zimewashwa. Usiijaribu rangi mpya kwa kuipaka kiraka katikati ya rangi ya zamani, kwa kuwa jicho litaipima kwa ile inayoizunguka. Angalia pia balbu zako. Balbu ya Kelvin 2700 hutoa mwanga wenye umanjano, ya Kelvin 6500 hutoa mwanga wenye ubuluu, na ukuta uleule chini ya balbu hizo mbili ni kuta mbili. Kwenye kadi nyingi utakuta pia herufi LRV na namba kati ya 0 na 100, inayoonyesha ni asilimia ngapi ya mwanga rangi hiyo itaurudisha. Nyeusi kamili ni 0, nyeupe kamili ni 100. Mtu akiniomba rangi ya 10 kwa chumba chenye dirisha dogo, humuuliza kwanza ana taa ngapi.

Mama Watatu

Mimi na mume wangu tulikipaka chumba chetu cha kulala rangi nyekundu, kuta zote nne, kwa kuwa tulikuwa wapya katika ndoa na kila tulichosoma kilisema nyekundu ni rangi ya mapenzi. Mchana chumba kilipendeza. Magharibi, kabla hatujawasha taa, kilizimika: kuta zikawa nyeusi, na shuka la buluu likabaki liking'aa peke yake kama maji ndani ya pango. Niliamini macho yangu yana kasoro, mpaka nilipojifunza kwamba Jan Purkinje, mwanafiziolojia wa Bohemia wa karne ya 19, aliliona jambo hilohilo katika maua. Mwanga unapopungua, jicho huziacha taratibu zile chembe zinazotambua rangi na kutegemea zile za gizani, ambazo wekundu karibu hazihisi kabisa, ilhali buluu na kijani huzihisi vyema zaidi. Kwa hiyo tulichagua rangi ya mapenzi kwa chumba tunachokitumia saa ambazo rangi hiyo haipo.

Tulilala vibaya mwaka ule wote, ingawa nasita kuulaumu ukuta, kwa maana mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mwaka huohuo. Nasita pia kwa sababu ya habari ya waridi ya magereza. Mwaka 1979, mahabusu ya jeshi la wanamaji huko Seattle, Marekani, ilipakwa waridi kwa imani kwamba ingepunguza ukali wa wafungwa, na sifa zake zikaenea hadi magereza ya nchi nyingine. Majaribio yaliyofanywa baadaye kwa uangalifu zaidi hayakuipata athari hiyo. Tangu niyajue hayo, mtu akiniambia kwamba rangi fulani hufanya jambo fulani mwilini, humuuliza chumba hicho kilikuwa na mwanga kiasi gani, kelele kiasi gani, na watoto wangapi.

Nyekundu imebaki kwenye ukuta mmoja, nyuma ya kichwa cha kitanda, ambako hatuioni tukiwa tumelala. Kuta tatu ni rangi ya mchanga mkavu. Mume wangu bado anaitetea nyekundu yake, nami namwachia ukuta huo.

Nyeupe Tupu

Nimepaka nyeupe nyumba nzima na sijuti. Kosa langu lilikuwa moja: nilinunua nyeupe mbili. Ya ukutani ilikuwa na umanjano kidogo, ya milango na fremu ilikuwa nyeupe ya barafu, na zilipokaa bega kwa bega, ukuta ukaonekana mchafu. Niliusugua kwa sabuni wiki nzima kabla sijaelewa kwamba uchafu huo ulitoka kiwandani.

Mlezi

Uzoefu wangu hauhusu urembo, lakini ndio uliobadilisha kabisa namna ninavyozitumia rangi. Mama yangu alihamia kwangu akiwa na umri wa miaka 79. Bafu nililompa lilikuwa jeupe kuanzia sakafuni hadi darini, nami nilikuwa nikijivunia usafi wake, naye mara mbili nusura aanguke kwa kukosea kukalia choo. Hakukiona. Kilikuwa cheupe, mbele ya ukuta mweupe, juu ya vigae vyeupe. Daktari wa macho alitueleza kwamba lenzi ya jicho hugeuka kuwa na umanjano kadiri umri unavyosonga, na umanjano huo huuchuja mwanga wa buluu kabla haujafika ndani ya jicho. Mzee huhitaji mwanga mwingi zaidi ya kijana, na hupata shida kutofautisha buluu iliyokolea na nyeusi, au rangi ya maziwa na nyeupe.

Nilianza na kiti cha choo, nikaweka cha kahawia nzito. Vishikio vya ukutani vikapakwa rangi hiyohiyo. Ukingo wa kila kidato cha ngazi niliupiga mstari mpana wa rangi nyepesi, kwa kuwa ngazi zenyewe ni za mbao nyeusi, na swichi za taa nikazizungushia fremu nyeusi. Zulia la ukumbini, lenye maua makubwa meusi, nililiondoa baada ya kugundua kwamba mama alikuwa akiyaruka maua yale akidhani ni mashimo. Hapo nilijifunza kwamba anachokihitaji si jina la rangi, bali tofauti ya wepesi na uzito baina ya vitu viwili vinavyopakana: nyekundu na kijani huweza kuonekana mbalimbali kwangu, kumbe uzito wao ni mmoja na kwake zinaungana. Ili kujipima, hupiga picha ya chumba kwa simu na kuigeuza kuwa nyeusi na nyeupe. Kitu kinachopotea kwenye picha hiyo, ujue na kwa mzee kimepotea au kinakaribia kupotea.

Baadaye alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Siku bandeji ilipotolewa alisimama mbele ya pazia la chumba chake akaniuliza lini nimelibadilisha. Lilikuwa lilelile, samawati, ambalo kwa miaka miwili alikuwa akiliona la kijivu chenye ukijani. Alinikasirikia kidogo, kwa kuwa samawati haipendi.

Mimi Sioni Kijani

Nakubaliana na ndugu Mlezi, nami ni kijana. Nilizaliwa na hali ya kutotofautisha vizuri nyekundu na kijani, ambayo huwapata wanaume wengi kuliko wanawake kwa kuwa vinasaba vyake vimo katika kromosomu X. Nilipoanza kujitegemea nilinunua mito sita ya kochi ya kahawia. Dada yangu alipokuja kunitembelea aliniuliza kwa nini mitatu ni ya kijani. Sasa nachagua vitu kwa uzito wa rangi na kwa umbile la kitambaa, na watu husema nyumba yangu imetulia. Hilo dogo ndilo nililonalo.

Fundi Mapazia

Ndugu mwanzisha mada, nimesoma habari ya mapazia yako ya njano nikakuonea huruma, kwa maana nadhani umelimwagia tatizo lako mafuta. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikuwa msimamizi wa upakaji rangi katika kiwanda cha vitambaa cha Gobelins mjini Paris, na miongoni mwa malalamiko aliyopelekewa lilikuwamo moja kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu. Alizilinganisha na nyeusi za viwanda vingine, hakuona upungufu wowote. Hatimaye aligundua kwamba ila haikuwa kwenye uzi bali kwa jirani yake: ukisukwa kando ya buluu au zambarau, jicho huuona mweusi ule umefifia. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima kuhusu jambo hilo. Kanuni yenyewe ni kwamba rangi mbili zikipakana, kila moja huisukuma mwenzake kuelekea upande ulio kinyume na wake, na hakuna rangi inayosukumika kwa urahisi kama kijivu. Sasa, kinyume cha njano ni buluu inayoelekea zambarau.

Nimeyaona haya kwa macho yangu. Mteja mmoja aliletewa kochi la kijani kibichi, na jioni hiyohiyo akanipigia simu kwamba fundi wa rangi amemdhulumu: ukuta aliouagiza wa rangi ya mchanga umekuwa waridi. Nilimwomba alifunike kochi kwa shuka la kijivu, atoke nje dakika kumi, kisha arudi. Ukuta ulikuwa umerudi kuwa mchanga. Fundi wake alikuwa ameshatukanwa, na sijui kama aliombwa radhi.

Yashushe mapazia hayo siku mbili kabla hujanunua kopo jingine.

Mwanzisha mada

Nimeyashusha jana jioni, na balbu nimeweka za Kelvin 2700. Leo asubuhi nimekaa sebuleni tangu saa kumi na mbili nikiutazama ukuta bila pazia lolote. Uzambarau umepungua, kwa makadirio yangu nusu. Ile nusu nyingine, inayoingia kwa dirisha, ipo palepale, hivyo nadhani kupaka upya hakuepukiki, ila sasa najua ni kosa lipi nalirekebisha.

Fundi Brashi, nimepaka ubao kama ulivyoelekeza, wa kijivu chenye tone la kahawia, nikauegemeza ukuta ulio mbali na dirisha. Mke wangu amepita mara mbili. Mara ya kwanza alisema hiki ni kijivu. Mara ya pili, jua lilipopanda, akauliza kama nimetia kijani. Nimeusogeza ubao upande wa pili, na nitauacha hapo hadi usiku.