Katumwa kutafiti akili unde, karudi na habari za skana: kurasa hizo azitoe?

Kijana wa Ng'ong'ona
Wakuu, mbukwenyi. Nipo mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mambo ya mifumo ya kompyuta. Fildi nimefanya wiki nane kwenye ofisi moja ya serikali kule Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, jina tuliache. Siku ya kwanza nikapewa kazi iliyonifanya nijione mtu: kuandika ripoti ya namna ofisi itakavyotumia teknolojia ibukizi. Akili unde (AI) isome barua za wananchi na kuzigawa idarani, blokcheni, lile daftari la kidijitali linaloshikwa na wengi ili mmoja asilibadili peke yake, itunze kumbukumbu.

Wiki mbili nikasoma. Ya tatu nikashuka masjala nikazione hizo barua zenyewe. Barua inafika, inagongwa muhuri wa tarehe, inalazwa kwenye trei, inasubiri skana. Skana ni moja, ghorofa nzima. Nikachukua barua 40, nikalinganisha tarehe ya muhuri na tarehe ya kuingia kwenye mfumo. Nyingi zimekaa siku tatu hadi tano. Sita zimeskaniwa kiubavuubavu. Tatu za mkono, ukurasa wa pili haumo kabisa.

Nikaandika kwamba akili unde haina cha kusoma hapa mpaka iongezwe skana ya pili na mtu wa kukagua kilichoskaniwa. Blokcheni nikaipa aya moja: haihitajiki, mwenye kumbukumbu ni mmoja na hana anayegombana naye.

Supavaiza wa ofisini kasoma, kasema, "Dogo, hukutumwa kukagua masjala. Toa hizi kurasa mbili, blokcheni irudi." Logibuku, daftari langu la fildi, anasaini yeye. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Wa Chimwaga
Mimi wiki zangu nane zilikuwa fotokopi na kufuata chapati. Wewe umepewa utafiti bado unalalamika. Toa kurasa, chukua saini, mjini mipango.

Bwana Istilahi
Ni akili mnemba, siyo unde.

Wa Chimwaga
Mkuu, kaa chini.

Afisa TEHAMA (siyo wa ofisi hiyo)
Nitamtetea supavaiza, mnitukane. Kazi ina hadidu za rejea. Ukitumwa kupima kiwanja, hupimi na cha jirani kwa sababu umekikuta kina magugu. Huenda bosi alihitaji andiko la akili unde kwa ajili ya bajeti, na mwaka wa fedha haumsubiri mtu, Julai mosi umeanza.

La pili ndilo zito. Zile barua ni za watu. Mle kuna namba za kitambulisho cha taifa (NIDA), magonjwa, kesi za mirathi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haina kifungu kinachosema "isipokuwa mtoto wa fildi". Nani alikuruhusu kuzifungua?

Kijana wa Ng'ong'ona
Nilinakili tarehe tu, jina hata moja sikuandika. Lakini kujua kwamba ukurasa wa pili haumo ilibidi nifungue, na ruhusa ilikuwa ya mdomo, ya dada wa masjala. Hapo kaka umenishika.

Mstaafu wa Masjala
Mwanangu, nimefungua na kufunga mafaili tangu ofisi nyingi zikiwa Dar, nikahamia huku na makabati yake mwaka 2017. Ulichoona ni kweli. Barua haipotei kwenye kompyuta, inapotea kati ya trei na kompyuta, pale mtu anaposema "nitaimalizia baada ya chai".

Ila umekosea jambo moja. Ukiandika barua zimelala, swali litakaloulizwa juu si skana ziko ngapi, ni nani kazilaza. Atakayeitwa ni huyo huyo binti aliyekuruhusu. Ulimsomea ulichoandika kabla hujakipeleka? Mrudie. Mwambie aseme kwa maneno yake barua ngapi zinaingia kwa siku na mikono ni mingapi, uyaweke mle mle.

Mama wa Mkonze
Yangu ya kiwanja isije ikawa kwenye trei hiyo. Nimepanda daladala kwenda Mtumba mara tatu, kila nikifika naambiwa "mama, haijaonekana kwenye mfumo."

Mwalimu wa chuo (chuo sitaji)
Kila mwaka nasahihisha ripoti za fildi zenye blokcheni. Ni ileile, jina la ofisi tu limebadilishwa. Hii ya barua 40 ningeisoma mara mbili.

Afisa, hoja ya hadidu inanisumbua. Ofisi imeuliza akili unde itatumikaje. Jibu "bado, na sababu ni hii" liko ndani ya hadidu. Na huo mradi wa blokcheni usingefika mbali: kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, taasisi haijinunulii mfumo inavyotaka, lazima eGA, Mamlaka ya Serikali Mtandao, waupitie. Angalieni kontroo namba. Hakuna aliyeiita ibukizi. Unapewa namba, unalipa kwa simu au benki, hela inaingia akaunti ya serikali bila kupita kwenye droo ya karani. Imebadilisha kaunta za serikali kuliko maandiko yote ninayosahihisha.

Afisa TEHAMA
Mwalimu, saini yako haimpi kijana ajira. Ya supavaiza huenda ikampa. Lakini sawa, hilo la kontroo namba sina la kupinga.

Wa Chimwaga
Weka kurasa kwenye nakala ya chuo, toa kwenye ya ofisi. Ripoti mbili, amani.

Mwalimu wa chuo
Sijaona hiyo.

Kijana wa Ng'ong'ona
Leo nimerudi masjala. Dada kasoma kurasa zote mbili, kacheka kwenye zile za kiubavuubavu, kisha kaniomba niongeze kitu: skana ikikwama, fundi anatoka mjini, na siku hiyo hakuna barua inayoingia. Nimeongeza. Aya ya ruhusa ya mdomo nimeiandika pia, wazi. Sasa ni kurasa mbili na nusu. Supavaiza yuko safarini mpaka Alhamisi, kukusanya ni Ijumaa.